Vidole Vinne vya Nafasi

Tarehe 3, mwezi wa pili

Kwa mjukuu wangu Sisimizi,

Nina miaka themanini na mmoja. Nimezika kaka zangu wanne wa tumbo moja, nimezika kibatari, nimezika chemli, nimezika karabai, na ile balbu ya waya wa njano nayo nimeiona ikikata roho. Zote hizo nilizitibu kwa mkono huu, nikaziba matundu yake, nikazibadilishia utambi, na zote zimenitangulia. Kwa hiyo ukiona nakuandikia habari za taa usidhani anaandika mtu asiyejua taa.

Hatujambo. Paa halivuji, maana nililipiga mimi. Kuku wa bibi yako wamebaki watatu, wa nne alikwenda kutembea kwa watu akabaki huko, yaani chunguni. Muoka mikate wa nyumba ya pili anakusalimu. Amenunua gari bovu la kusambazia mikate, likiwaka mtaa mzima unakohoa. Bibi yako hajambo. Ukiona mwandiko umelala kama mlevi ujue ni wangu, siku zote mimi nilikuwa nasema na yeye anaandika, lakini kwa sasa amechoka kuandika. Amepumzika. Simu ya muoka mikate ipo, ila ukisemea kwenye simu yake, kabla hujamaliza mtaa umeshakujibu.

Sasa neno lenyewe. Ule utepe wa taa za LED uliotutumia ulifika mzima pamoja na kile kijisanduku chake cha umeme. Nilipanda mezani mwenyewe nikaukaza kwenye boriti ya sebuleni, sikumwita mtu. Ukawaka. Mwanga wake ungeweza kuokota nao punje ya mtama. Bibi yako akakaa dakika tano, akabeba kigoda chake akaenda kukaa jikoni gizani. Nikamfuata. Akasema, "Mzee, ile si taa. Zile ni sindano mia zinanijia machoni."

Miaka hamsini na mitatu jioni tunakaa meza moja, yeye anashona vitambaa vyake, mimi nazungumza. Sasa nazungumza na kiti.

Nieleze taa yako ina ugonjwa gani. Nasema ugonjwa ni wa taa. Lile tulilogombania mwaka juzi, wewe ukitaka bibi yako apelekwe hospitali akapasuliwe macho, na mimi nikasema katika nyumba yangu jicho halipasuliwi, ukabeba sanduku ukaondoka bila kuaga, lile silizungumzi, na wewe usilizungumze. Zungumza taa.

Ni mimi babu yako, Fundi Nyundo, ambaye bati zake bado zimekaa juu ya vichwa vya watu.


Tarehe 20, mwezi wa pili

Babu yangu, mume wangu wa utotoni,

Shikamoo. Na bibi mpe shikamoo yake, mwambie mke mwenzake anamuwaza kila siku.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sikujua kama unaweza kuandika kurasa mbili, nilidhani mwisho wako ni jina na tarehe. Mimi mzima. Kazi ni ile ile ya kupamba madirisha ya duka. Wiki hii nimevalisha makoti sanamu kumi na mbili, mmoja amekatika mkono, nimemning'inizia mkoba hapo kumsitiri aibu. Chumba changu bado ni kidogo, nikifungua mlango lazima nipande kitandani.

Taa yako haiumwi. Iko uchi. Kila kitone katika ule utepe ni kijijua kidogo, na kila kijijua kinatupa mwanga mahali pamoja kama mtu anayenyoosha kidole. Balbu ya zamani ilivaa kioo cheupe cha kuutawanya mwanga. Utepe umekuja bila nguo, uvalishe. Huku dukani tuna vioo maalumu, lakini mimi nimeshatumia vitu vya nyumbani na mteja asijue. Karatasi nyeupe ya kuokea inafaa, pazia la bafuni lile la plastiki ya ukungu linafaa, hata dumu jeupe la maji ukilikata. Plastiki inayong'aa isugue kwa msasa hadi ife mng'ao. Pamba usiweke, wala kitambaa chepesi kugusa taa, maana utepe nao hupata joto.

Kisha nijibu maswali matatu. Bibi akitazama taa, anaona duara kama la upinde wa mvua? Akimimina chai, anaweka kidole ndani ya kikombe ajue imefika wapi? Na ile ngazi ya mlango wa nyuma, anaishuka kwa mguu au kwa kuipapasa?

Uliniambia nisizungumze. Sijazungumza, nimeuliza.

Mjukuu wako,
Sisimizi


Tarehe 15, mwezi wa tatu

Kwa mjukuu wangu Sisimizi,

Salamu zako zimefika. Kuku wamebaki wawili, wa tatu sikumpeleka kwa jirani, huyo tulimla wenyewe, wacha wanaosema waseme. Muoka mikate amegonga nguzo yake mwenyewe. Hatujambo.

Nilianza na karatasi ya kuokea, nikaipata kwa huyo huyo muoka mikate, akataka kujua nitaoka nini. Nikamwambia nitaoka mwanga. Nikaikata upana wa utepe, nikaibandika juu ya vitone, nikaikaza hadi ikalia. Unaijua kazi yangu, haina nafasi. Bati yangu na bati mwenzake zikikutana hata wewe Sisimizi hupiti. Nilipowasha, vitone vyote bado vimekodoa macho. Nikaongeza karatasi ya pili, nikakaza. Ya tatu. Nikaja na pazia la bafuni, mkunjo mmoja, mikunjo miwili. Nilipofika mavazi saba chumba kimekuwa giza kama ndani ya kiatu, na vitone bado vinaonekana vimejipanga, kama macho ya paka nyuma ya pazia. Sijapata kushindwa na taa tangu nizaliwe na sijashindwa. Nasema tu kwamba karatasi za siku hizi hazina adabu.

Bibi yako yuko jikoni. Nilimwita aje aone mavazi saba, akaja, akasimama mlangoni, akasema, "Sasa umeizika." Akarudi.

Anashona bado, usidhani hashoni. Sindano namtungia mimi. Asubuhi nikishakunywa chai natunga sindano ishirini, nyeupe kumi nyekundu kumi, nazichoma kwenye kijimto chake upande wa kulia na upande wa kushoto, anazichukua moja moja hadi jioni. Si kitu. Mtu akiwa na fundi ndani ya nyumba, kwa nini ajisumbue.

Maswali yako matatu sikuyasoma vizuri, wino ulikuwa umefifia.

Babu yako Nyundo


Tarehe 2, mwezi wa tano

Babu, shikamoo, na bibi shikamoo.

Barua yako ilifika mwezi wa tatu. Nimeanza kuijibu mara nne na nimeichana mara nne, ndiyo maana umekaa bila jibu. Usidhani nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira, na hasira ikiandikwa inakaa muda mrefu kuliko mwenyewe alivyotaka.

Sindano ishirini kila asubuhi. Tangu lini, Babu? Wakati naondoka bibi alikuwa anatunga mwenyewe. Alikuwa anakodoa, lakini anatunga. Wino wangu haukufifia, naununua mpya. Sitakuuliza tena, maana umeshanijibu.

Nakuambia la taa sasa. Kosa si karatasi, kosa ni ufundi wako. Umeibandika. Mwanga ukitoka kwenye kitone unatoka mwembamba, kisha unapanuka kadiri unavyokwenda. Ukiufunika pale pale mlangoni, unaufunika bado mwembamba, unapita na ukali wake wote. Upe mwendo. Chukua tochi yako na karatasi moja tu. Gusisha karatasi kwenye tochi uone. Halafu isogeze mbali polepole, uone kile kidoa kinavyonenepa hadi karatasi nzima inawaka sawasawa. Vazi moja linatosha. Linalotakiwa ni nafasi ya vidole vinne kati ya taa na plastiki. Na ndani ya kisanduku paka rangi nyeupe, mwanga ukipotea njia urudishwe.

Najua kwako nafasi ni aibu ya fundi. Kwenye paa ni aibu. Hii si paa.

Kwa barua naweza kukutengenezea taa. Zaidi ya hapo siwezi chochote nikiwa huku, na wewe uliyeko huko hutaki. Nimesema mara moja, sirudii.

Sisimizi


Tarehe 9, mwezi wa saba

Kwa mjukuu wangu,

Hatujambo. Kuku ni mmoja. Anatembea uani kama mwenye nyumba, bibi yako amekataza asiguswe.

Barua yako niliichukia wiki tatu. Mimi niliyefunika nusu ya mji huu kwa bati kuambiwa kosa ni ufundi wangu, na aliyeniambia nilimfundisha mimi kushika koleo. Nikasema nitachukua tochi nimwoneshe. Nikachukua tochi, nikachukua karatasi. Basi. Sitaki kueleza zaidi. Ilinenepa.

Nikatengeneza kisanduku. Bati jipya, urefu wa mkono wangu mzima, kina vidole vinne vyangu, si vyako, vyako vijiti. Ndani nikapaka nyeupe mara mbili. Utepe nikaulaza chini, nikauzungusha mistari mitatu. Nikalikata lile dumu jeupe la maji, nikalinyoosha kwa maji ya moto, nikalisugua msasa siku nzima hadi likawa kama maziwa, nikalitelezesha mbele. Nikaacha nafasi. Mkono ulikataa, kila mara vidole vilitaka kusukuma ndani, nikavishika kwa mkono wa pili. Nikakitundika ukutani kando ya meza, si juu tena.

Mjukuu wangu, niliwasha taa na sikuona taa. Niliona mwanga tu, umekaa, hauna mwanzo wala kitone. Muoka mikate akaja, akaweka uso wake pale karibu, akasema, "Nyundo, hii ni asubuhi umeifungia kwenye bati." Walikuja majirani kama saba kuangalia. Mmoja akataka kuagiza. Nikamwambia apange foleni nyuma ya bibi.

Walipoondoka nikaenda jikoni. Nikambebea kigoda. Akaja akakaa mezani mahali pake, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Hakufumba macho wala kukinga mkono. Nikajua nimeshinda. Nikamwuliza, "Unaonaje?" Akasema, "Hainichomi tena. Ni nzuri. Ila ukungu wake mzito, mzee. Umeweka plastiki ngapi?"

Nikasema moja.

Akasema, "Hebu punguza kidogo, nione kitambaa changu."

Nikaitelezesha plastiki nikaitoa yote, nikasimama mbele ya taa nikaukinga utepe kwa mgongo wangu usimchome. Nikamwambia, tayari, nimepunguza. Akainua kitambaa karibu na pua. Akasema, "Bado ukungu ule ule."

Nikarudisha plastiki mahali pake. Tukakaa. Yeye akashona kwa vidole. Mshono ulikuwa unatoka nje ya mstari na alikuwa akiusifu.

Sasa nikuambie lile ambalo sikukuambia siku ile unabeba sanduku, kwa sababu ulikuwa unapiga kelele na mimi napiga kelele zaidi. Kaka yangu mkubwa alipata mtoto wa jicho kama bibi yako. Alikuja mtu wa kupitapita, ana mkoba na sindano, anasema anausukuma ukungu pembeni na mtu anaona siku hiyo hiyo. Nilikuwa kijana mwenye nguvu. Mimi ndiye niliyemshika kaka kichwa asitikisike. Nilimshika vizuri, unaijua kazi yangu. Akaona siku tatu, jicho likaoza, na la pili likalifuata. Akaishi miaka kumi na tisa hajaniona. Hakunilaumu hata siku moja. Alikuwa akisikia hatua zangu anasema, fundi huyo. Kwa hiyo uliposema neno kupasua, mimi niliona mikono yangu hii.

Nimeeleza tu. Sikusema nimekosea. Nimesema taa imekamilika na ukungu umebaki, kwa hiyo ukungu si wa taa. Niandikie hospitali ni ipi, siku gani, na anayefanya amesoma wapi.

Babu yako


Tarehe 25, mwezi wa saba

Babu yangu,

Shikamoo. Nimelia kwenye dirisha la duka, watu wa nje wakadhani ni sehemu ya maonyesho.

Hospitali ni ile ya wilaya, chumba cha macho kiko nyuma ya maabara. Nimezungumza na daktari wao kwa simu. Ni mwanamke, amesoma miaka kumi na mmoja, na macho aliyoyafanya ameacha kuyahesabu. Hawasukumi kitu pembeni. Wanautoa ule ukungu wote, wanaweka kioo kidogo kisafi mahali pake, na wanaanza na jicho moja tu ili la pili lisubiri lione. Mgonjwa yuko macho, hasikii maumivu, na hakuna anayemshika kichwa. Nimeuliza hilo mahsusi kwa ajili yako. Amesema mgonjwa anaambiwa tulia, anatulia. Siku ni tarehe 4 mwezi wa tisa, asubuhi. Atakaporudi nyumbani mwanga mkali utamsumbua siku za mwanzo, kwa hiyo hicho kisanduku chako kitafanya kazi.

Nimeomba ruhusa nije, wamenikatalia hadi mwisho wa mwaka. Kwa hiyo utakayekuwepo ni wewe. Ulisema ulipaza sauti zaidi yangu siku ile. Ni kweli, na siku ile nilikusikia hadi stendi. Ulikuja nyuma yangu unaniita Sisimizi, Sisimizi, na mimi nikapanda gari nikageuzia uso upande wa pili. Nimebeba hilo miaka miwili. Sasa nimelitua hapa, ulichukue au ulitupe.

Sisimizi wako


Tarehe 12, mwezi wa tisa

Kwa mjukuu wangu Sisimizi,

Nimelichukua. Na hukunisikia mimi stendi, ulimsikia mtu mwenye sauti kama yangu. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua misumari. Basi, tuyaache hapo.

Kuku huyo mmoja ametaga. Bibi yako amefanyiwa jicho la kulia.

Muoka mikate alitupeleka kwa gari lake, tukafika tunanuka mikate, wagonjwa wote wakageuka. Daktari ni mdogo kama wewe. Nilimwuliza kama ana mkono thabiti, akanyoosha mkono mbele yangu, nikaweka kikombe cha maji juu yake, hakikutikisika. Nikamwambia pita. Muuguzi akasema mimi nikae nje. Nikasema nimezoea kukaa karibu na kazi. Akasema kazi hii inataka nafasi, mzee. Nikakaa nje. Nilikaa kwenye benchi nikiwa nimekalia mikono yangu yote miwili, na sijui dakika zilikuwa ngapi, maana ukutani saa ilikuwepo na sikuiangalia.

Akatoka anatembea, jicho limefunikwa. Nikamwuliza, umeumia? Akasema, "Njaa tu."

Tukalala pale, yeye kitandani na mimi kwenye kiti. Asubuhi muuguzi akaja kufungua. Nilisimama mwisho wa kitanda, nimevaa shati la safari, nimenyoa, nimejipanga kama bwana harusi. Akafungua. Bibi yako akapepesa. Akatazama dirisha. Akamtazama muuguzi, akamwambia una mwanya mzuri. Kisha akageuka akanitazama mimi. Akanitazama muda mrefu, mjukuu wangu, mpaka nikaanza kurekebisha kola. Akasema, "Na wewe ulizeeka lini bila kuniambia?"

Unanijua tangu uzaliwe, sijapata kukosa la kujibu. Nikasema nimezeeka wakati nakutungia sindano. Akacheka, akanyoosha mkono, akanipapasa shavu. Nikamwambia huna haja ya kupapasa tena, tazama. Akasema, "Natazama. Nimezoea tu."

Tukarudi. Alipokiona kisanduku ukutani alikizunguka mara mbili kwa jicho moja, akaniuliza kona ile ya chini aliyeipaka rangi alikuwa amefungwa kitambaa usoni au vipi. Kesho naipaka upya. La kushoto atafanyiwa mwisho wa mwaka, wewe ukiwepo. Ameweka yeye sharti hilo, si mimi.

Haya yote ni kweli, na kwa kuwa najua wewe ni mbishi kama ukoo wako, mashahidi wapo. La kikombe cha maji mwulize daktari. La shavu mwulize muuguzi mwenye mwanya, na yule mwalimu mstaafu wa kitanda cha pili, aliyejifanya amelala na hakulala. Kama nililia, hilo hakuna shahidi, maana wote walikuwa wanatazama dirisha. Isipokuwa bibi yako. Huyo aliona, na sasa hakuna wa kumwambia haoni vizuri.

Babu yako,
Fundi Nyundo